Mimi Huku Sijambo

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulikuwa na mkufunzi wa Kiswahili aliyechukia maneno ya bure kama mkulima anavyochukia magugu. Kila alipotufundisha namna ya kusahihisha barua ya kirafiki, alituambia tuanze kwa kufyeka. Watoto wote wa nchi hii, kutoka Vanga hadi Busia, waliandika mwanzo uleule: madhumuni ya waraka huu ni kutaka kujua hali yako, ama mimi huku sijambo, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali. Mkufunzi wetu alisema hayo ni maganda matupu, na kwamba barua huanza pale mwandishi anapokuwa na jambo la kusema. Nilimwamini. Kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa mwalimu na baadaye mwalimu mkuu, nilipiga mstari mwekundu juu ya "mimi huku sijambo" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa nimestaafu, na sina tena uhakika huo. Mashaka yangu yalianza kando ya barabara.

Mwaka 1979 niliwapeleka watoto wa darasa la sita kuliona Ziwa Naivasha. Tulipita ile barabara ya zamani inayoteremkia Bonde la Ufa, na kabla ya kufika Mai Mahiu tukasimama kwenye kanisa dogo la mawe lililo ukingoni mwa barabara. Wasafiri wengi hulipita bila kugeuza shingo. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara ile kwenye jabali, nalo ni dogo hata darasa langu halikuweza kuingia lote kwa mara moja. Niliwaeleza watoto habari zake kwa tarehe, kama ilivyokuwa desturi yangu. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Waingereza, pamoja na askari wetu, yalitoka Kenya yakaingia Somalia. Mogadishu ikaanguka Februari, Addis Ababa ikaanguka Aprili, na Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, ikasalimu amri mwezi wa Novemba. Makumi ya maelfu ya mateka waliletwa Kenya na kuwekwa katika kambi za Nanyuki, Nyeri, Naivasha, Gilgil, Londiani, Eldoret na kwingineko. Nilikuwa nikijivunia tarehe zangu. Kisha msichana mmoja mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa akauliza, "Mwalimu, mama zao walijuaje kuwa wako hai?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba tutalizungumza darasani, na walimu wenzangu wanajua maneno hayo maana yake ni nini.

Kilichoniaibisha zaidi ni kwamba mtu ambaye angeweza kunijibu alikuwa kwetu Ukambani, akichunga mbuzi wake. Mzee wangu alikuwa askari wa Keya. Kabla ya kupelekwa Burma alikaa miezi kadhaa akilinda kambi ya mateka huko Nanyuki. Burma hakupenda kuisimulia. Ukimwuliza, alisema kulikuwa na mvua, basi. Lakini Nanyuki aliisimulia kwa hiari, nasi watoto tulikuwa tumezisikia hadithi zake mara nyingi hata tukaacha kuzisikiliza. Likizo ile nilikwenda na daftari. Alifurahi. "Leo Mwalimu amekuja kusomeshwa," alimwambia mama.

Jambo la kwanza alilolikumbuka ni foleni. Asubuhi kulipokuwa bado na umande na baridi ya Mlima Kenya ikiuma masikio, mateka walihesabiwa, kisha wakapanga mstari, kila mmoja na sahani yake ya bati, wakingoja chakula. Mzee na wenzake walikuwa vijana waliozoea kumwona Mzungu juu ya farasi au nyuma ya meza. Hawakuwahi kumwona Mzungu akingoja zamu yake. Wanahistoria wetu wameandika mengi kuhusu yale ambayo askari Waafrika waliyaona vitani, nami sina haja ya kuyarudia. Lakini mzee aliniambia kwamba mshangao ule ulidumu siku mbili tu. "Siku ya tatu unaona ni mtu. Ana suruali iliyochanika na anaitafuta sindano."

Haikuwa kambi ya mateso. Ni lazima niseme hivyo, maana neno "kambi ya vita" humfanya msomaji afikirie mambo yaliyotendeka kwingine katika vita ile. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, ambao Uingereza na Italia zote mbili ziliuridhia, uliagiza kwamba chakula cha mateka kilingane na cha wanajeshi walio kambini wa taifa linalowashika. Maofisa hawakulazimishwa kufanya kazi. Askari wa kawaida walitumwa barabarani, mashambani na kwenye majengo, kwa ujira mdogo. Walilima mboga ndani ya ua wa kambi. Walicheza mpira. Walikuwa na bendi na michezo ya kuigiza, na kwa kuwa wengi wao huko Ethiopia walikuwa makarani, mafundi, wanasheria na madaktari waliovalishwa magwanda, walianzisha madarasa wakafundishana. Mzee alikuwa akisimama zamu na kumsikia mtu akifundisha hesabu kwa lugha asiyoijua. Alitambua kuwa ni hesabu kwa jinsi wanafunzi walivyokuwa wakikuna vichwa. Usiku ulikuwepo ubadilishanaji mdogo mdogo kwenye seng'enge: pete iliyochongwa kwa sarafu kwa mayai mawili, kasha la sigara la bati kwa kipande cha sabuni. Kanuni zilikataza. Mzee alicheka tu nilipomwuliza kama yeye aliwahi.

Basi walikosa nini? Walikosa kujua mwisho. Mfungwa wa jela huambiwa miaka yake na hukata siku moja moja ukutani. Mateka wa vita haambiwi kitu. Huenda akatoka mwaka huu, huenda akazeeka pale pale. Daktari mmoja wa Uswisi, Adolf Vischer, aliyetembelea kambi za mateka wakati wa vita vya kwanza, aliandika kitabu mwaka 1918 akauita unyong'onyevu huo ugonjwa wa seng'enge. Mtu hachukii chakula tu, huchukia hata namna jirani yake anavyotafuna. Hasomi ukurasa hadi mwisho. Hukasirishwa na jambo dogo na kubwa humpita. Mzee hakulijua jina hilo, lakini aliniambia habari za mtu aliyekuwa akitembea kando ya ua kila siku, hatua zilezile, hata njia ikachimbika ardhini, na mvua iliponyesha maji yalifuata njia yake.

Kila mmoja alijitafutia dawa. Dawa iliyopata sifa kuliko zote ni ya Felice Benuzzi, aliyekuwa afisa wa serikali ya Kiitaliano huko Ethiopia, naye alifungwa katika Kambi namba 354 ya Nanyuki. Asubuhi moja mawingu yalipasuka akauona Mlima Kenya, na tangu hapo hakuweza kuutazama kama ukuta mwingine wa gereza. Pamoja na daktari Giovanni Balletto na mwenzao wa tatu, Enzo Barsotti, walijiandaa kwa miezi mingi: nyundo zikageuzwa kuwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu, kamba za kitanda za mkonge zikasokotwa kuwa kamba za kupandia. Hawakuwa na ramani. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Tarehe 24 Januari 1943 walitoroka, wakaacha barua ya kuwaarifu wakubwa wa kambi kwamba watarudi. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao. Kisha wakateremka, wakiwa na njaa kali, wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza zikawa saba, kwa kuwa alikiheshimu kitendo chao kama mchezo wa kiungwana. Benuzzi alikiandika kisa hicho katika kitabu kilichotoka Italia mwaka 1947, naye akafa mwaka 1988. Wenyeji wa Nanyuki bado wanakisimulia, kila mmoja kwa namna yake.

Ni kisa kizuri, nami nimewahi kukisimulia katika gwaride la asubuhi shuleni. Lakini waliopanda mlima walikuwa watatu. Wale maelfu waliobaki walikuwa na dawa moja tu, nayo ni karatasi.

Mkataba ule wa 1929 ulisema kwamba mateka, katika muda usiozidi wiki moja tangu afike kambini, aruhusiwe kupeleka kadi nyumbani kuwaarifu jamaa zake kwamba ametekwa na afya yake iko namna gani. Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jibu la yule msichana wa darasa la sita. Mama alijua kwa kadi, kama kadi ilifika. Huko Geneva, Msalaba Mwekundu ulifungua shirika la kutafuta habari za mateka tangu Septemba 1939, na watu walikaa mchana kutwa wakipanga mamilioni ya kadi zenye majina, kwa sababu vita huchanganya watu kama punje za nafaka tofauti zilizomwagika gunia moja. Vatikani nayo ilikuwa na ofisi ya kazi hiyo, na redio yake ilitangaza majina ya mateka usiku, jamaa wakitega masikio kama jina lao litasikika.

Baada ya kadi ya kwanza, barua ziliruhusiwa kwa idadi. Hazikutozwa stempu, lakini ziliandikwa kwenye karatasi maalumu yenye nafasi ndogo, na kila moja ilisomwa na mkaguzi kabla ya kuondoka, na nyingine tena huko iendako. Tafakari, msomaji, ni kitu gani kinachobaki. Huwezi kutaja mahali ulipo. Huwezi kutaja kazi unayoifanya, wala barabara inakoelekea, wala idadi yenu. Ukisema chakula ni kibaya, mkaguzi atakuna kichwa. Ukisema ni kizuri, mke wako, ambaye kwao mkate unauzwa kwa kadi za mgawo, atajiuliza kama mumewe amewasahau. Habari ya kupanda mlima sidhani ingepita. Na hayo yote yatasomwa kwanza na mtu usiyemjua, huenda ni kijana wa umri wa mwanao. Unabaki na nini? Unabaki na: mimi huku sijambo, natumaini nanyi hamjambo, wasalimu watoto, wasiwasi wangu ni juu yenu. Waitaliano walikuwa na maneno yao ya kusema jambo hilo, nayo yalikaribiana na yetu kuliko mkufunzi wangu ambavyo angeamini.

Hapa naomba nifasa ya kulisema neno lenyewe, kwa maana nimelifuta mara nyingi. Sijambo ni "sina jambo": hakuna jambo lililonipata. Si kujisifu, na si kusema kwamba nina furaha. Ni jibu la mtu aliyeulizwa kama kuna msiba, naye akajibu kwamba hakuna, au hakuna bado. Kwa mama aliyesikia kwamba Gondar imeanguka na hajui mwanawe ni miongoni mwa walio hai au wafu, ndiyo habari yote ya barua. Yanayofuata ni nyongeza.

Mzee hakujua kusoma wakati huo. Alijifunza baadaye sana. Lakini siku ya barua aliweza kuisoma kambi yote. Jina lilipoitwa, mtu alikwenda mbio kama mtoto. Aliyeipata hakuifungua hapo hapo. Aliiweka mfukoni, akaenda mbali, akaketi ameipa kambi mgongo. Baada ya kuisoma aliirudia, na jioni aliirudia tena, mpaka karatasi ikachakaa kwenye mikunjo. Na aliyekosa? "Aliyekosa alifua nguo," mzee aliniambia. "Zilikuwa safi, lakini alizifua. Hatukuwasogelea waliokuwa wakifua."

Tena hata aliyepata barua hakuwa na hakika kwamba inasema kweli ya siku ile. Barua zilichukua miezi. "Sijambo" iliyoandikwa Machi ilisomwa Agosti. Katikati yake lolote lingeweza kutokea, na lilitokea. Mwaka 1942 na 1943 meli za Kiitaliano zilizopakwa rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu, kwa makubaliano ya pande zote mbili, ziliwachukua wanawake, watoto na wazee wa Kiitaliano waliokuwa Afrika Mashariki, zikawazungusha mwambao mzima wa Afrika, kupitia Rasi ya Tumaini Jema, hadi kwao. Mateka aliyekuwa amemwacha mkewe Addis Ababa au Asmara sasa alimwandikia wapi? Barua zilikimbizana na watu baharini.

Kisha ikaja tarehe 8 Septemba 1943, Italia ilipotangaza kusimamisha vita na Waingereza na Wamarekani. Kambini ungedhani ni sikukuu. Kumbe hakuna aliyefunguliwa. Wajerumani waliikalia sehemu ya kaskazini ya Italia, na majeshi ya Uingereza na Marekani yakawa kusini, hivyo mateka mwenye mama Sicilia na mateka mwenye mama Torino, waliolala kitanda kwa kitanda, wakawa wana mama katika nchi mbili zinazopigana. Waliulizwa kama watashirikiana na Waingereza au la. Wengine walikubali, wengine walikataa kwa sababu ya kiapo chao, wengine walikataa kwa kuogopa yatakayowapata jamaa zao walio mikononi mwa Wajerumani. Marafiki wa miaka miwili waliacha kusalimiana. Mzee alikuwa ameshaondoka Nanyuki, lakini askari waliobaki walimsimulia baadaye kwamba kambi iligawanyika kama boma lenye ugomvi wa urithi.

Wengi walirudishwa kwao mwaka 1946, na wengine hata baada ya hapo, zaidi ya mwaka mzima tangu vita kwisha. Wengine hawakurudi. Nyeri kuna kanisa la ukumbusho lililojengwa na Waitaliano baada ya vita, na ndani yake kumehifadhiwa mabaki ya zaidi ya askari 600. Amezikwa huko pia Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkuu wao wote huko Ethiopia na binamu wa mfalme, aliyefia mikononi mwa Waingereza Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa na umri wa miaka 43. Niliwahi kukaa humo saa nzima nikisoma majina. Nilijikuta nikijiuliza, kwa kila jina, ni barua gani ilikuwa bado njiani siku mwenyewe alipokufa.

Nina neno moja la pembeni, na sitalirefusha. Miaka michache baada ya Waitaliano kuondoka, nchi hii hii ilijaa kambi tena. Kuanzia Oktoba 1952 hadi 1960 waliofungwa walikuwa Wakenya, na serikali iliyoheshimu Mkataba wa Geneva kwa Mwitaliano haikuwahesabu hao kuwa mateka wa vita. Gakaara wa Wanjau aliandika shajara yake kizuizini kwa hatari, na ilipochapishwa ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mtu akinieleza kwamba sheria ya vita ni maneno ya kwenye karatasi tu, humwambia aangalie kambi hizo mbili, za watu waliokuwa na karatasi na za watu wasiokuwa nayo.

Lakini nilikuwa nikizungumza juu ya barua. Mzee mwenyewe alipokuwa Burma, mwaka 1944, aliwahi kuleta moja nyumbani. Iliandikwa kwa Kiswahili na mwenzake aliyesoma, ikapita kwa mkaguzi, maana barua za askari nazo zilikaguliwa, ikafika kwa chifu, na chifu akamwita nyanya yangu. Nyanya hakujua Kiswahili wala kusoma. Mwalimu wa misheni alimsomea na kumfasiria Kikamba. Mama yangu, wakati huo bibi arusi wa miaka mitatu ambaye bado hajapata mtoto, alikuwepo na aliikumbuka neno kwa neno kwa sababu haikuwa na maneno mengi: pokeeni salamu, mimi sijambo, huku kuna mvua nyingi, muuzeni yule fahali mwekundu, wasiwasi ni juu yenu. Mwalimu wa misheni alikunja karatasi akasema kwa kuomba radhi kwamba haina habari nyingi. Nyanya alimwambia, "Soma tena pale anaposema hajambo." Akasoma. Akaambiwa arudie. Mama alisema alisoma mara nne, na mara ya nne nyanya alivua kitambaa chake kichwani akajipangusa uso, kisha akasimama akaenda zake kukama ng'ombe. Barua aliichukua, ingawa hakuweza kuisoma, akaiweka katika kibuyu cha mbegu.

Yule fahali hakuuzwa.

Mzee aliponimalizia habari hiyo nilifunga daftari, na muhula uliofuata nikalijibu swali la yule msichana darasani, kwa kirefu. Msomaji atadhani kwamba tangu siku hiyo niliacha kufuta maneno yale. Sikuacha. Mtu husikia jambo leo akalielewa baada ya miaka mitano, na mimi nililielewa kwa gharama ya mwingine.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni, ambayo sitaitaja. Kama shule nyingi za bweni za wakati huo, tulikuwa na kanuni: wanafunzi waandike barua za nyumbani Jumamosi na kuzikabidhi bila kuzifunga, zisomwe ofisini kabla ya kutumwa. Tuliita malezi. Tulisema tunazuia barua za mapenzi na uongo wa kuombea pesa, na ni kweli tulizikamata nyingi za namna hizo. Kiti cha mkaguzi nilikikalia mimi mwenyewe, kwa sababu sikumwamini mwingine.

Jumamosi moja kijana wa kidato cha pili alimwandikia baba yake. Hakuanza kwa salamu ndefu. Alisema anakohoa usiku kwa wiki ya tatu, kwamba alipewa vidonge vyeupe zahanati na havikumsaidia, kwamba bweni lina baridi na dirisha karibu na kitanda chake halina kioo, na kwamba anamwomba baba aje. Ilikuwa ndiyo barua ambayo mkufunzi wangu angeisifu: haina ganda, ni kiini kitupu. Nilimwita ofisini. Wiki ile tulikuwa tukiwangojea wakaguzi wa shule, na wazazi wawili walikuwa wamekwisha kulalamika. Nilimwuliza kama anataka watu waseme kwamba shule hii inaua watoto. Alisema hapana, Mwalimu. Nilimpa karatasi nyingine nikamwambia aandike upya, kwa adabu.

Aliandika akiwa amesimama, mezani pangu. Madhumuni ya waraka huu, mzazi mpendwa, ni kutaka kujua hali yako na ya nyumbani kwa jumla. Ama mimi huku sijambo.

Sikupiga mstari mwekundu. Niliipitisha.

Baba yake alikuja siku ya kufunga shule, wiki tano baadaye, akamkuta mwanawe amekonda hata sare ilimpwaya mabegani. Kutoka hapo alimpeleka moja kwa moja hospitalini. Kilikuwa kifua kikuu. Kijana alitibiwa kwa miezi mingi, akapoteza mwaka mzima wa masomo, na kwa rehema za Mungu alipona. Ni mtu mzima sasa mwenye familia yake. Baba alirudi shuleni mara moja tu, kuchukua sanduku. Aliniamkua kwanza, akaniuliza habari za wangu nyumbani, kisha akatoa barua mfukoni, imekunjwa ndogo na kuchakaa kwenye mikunjo, akaiweka juu ya meza. "Mwalimu," alisema, "mimi sikuja mapema kwa sababu hii ilisema hajambo."

Hakupaza sauti. Alisubiri kidogo, kama mtu anayeulizia njia. Nilimwambia pole. Alichukua sanduku, akaichukua na barua yake, akaondoka.

Ile ya kwanza nilikuwa nimeichana siku ile ile aliyoiandika, nikaitupa katika pipa la ofisini. Ilikuwa na mistari minane. Katika mstari wa mwisho alikuwa amemwomba baba yake, kama hatapata nafasi ya kuja, ampe dereva wa basi blanketi amletee.